Utepe wenye Kifungo

Tulimwita Mama Mkasi, maana mkasi ulining'inia shingoni mwake hata msibani. Alikuwa fundi wa mapazia, kibanda chake kikitazamana na lango la hospitali, na ulimi wake, jamani, ulikata kuliko huo mkasi.

Serikali ilipopanga kwamba sasa afya ya wanawake itaangaliwa kipekee, hospitali ikapata chumba kipya: kitanda cha kupimia, mashine ya kupiga picha ya tumbo, na kuta za rangi ya waridi, kwani wapangaji waligundua mwanamke haponi pasipo waridi. Mapazia alishona Mama Mkasi. Utepe mwekundu wa mlangoni, yeye pia. Ikabaki mgeni rasmi aje aukate.

Mgeni rasmi hakuja. Mara ana safari, mara ana kongamano la afya ya wanawake, tena ng'ambo. Utepe ukashika vumbi.

Wakati huo fundi wetu alikuwa akitokwa damu isiyokoma. Alikonda, akawa anashona ameegemea ukuta. Akamfuata wifi yake, muuguzi aliyefunzwa kutumia mashine ile.

"Wifi, nipime."

"Mashine ipo, lakini utepe haujakatwa."

"Kwa hiyo damu yangu nayo imngoje mgeni rasmi?"

"Usinichekeshe, nitafukuzwa kazi! Mkuu wa hospitali huja kila asubuhi kuutazama."

"Anatazama utepe tu?"

"Utepe tu. Wagonjwa hajawatazama siku nyingi."

Mama Mkasi akacheka mpaka akajishika kiuno kwa maumivu. "Basi utepe wake ataukuta."

Asubuhi iliyofuata, mkuu alipokwisha kuutazama na kwenda zake, mkasi ukafanya kazi. Kracha! Wifi mtu akaziba mdomo, akaangaza huku na huku, kisha akaingia kuwasha mashine. Tumboni mlikuwa na uvimbe. Wiki haikuisha, daktari akamfanyia upasuaji, akautoa.

Lakini kabla ya hapo, siku ileile ya kupimwa, Mama Mkasi aliketi kwenye kizingiti, akazitia ncha za utepe kifungo cha kubana na kukifunika kwa ua la kitambaa. Tangu hapo wanawake wakawa wanaingia kwa kifungo: ta, wamefungua, ta, wamefunga. Mkuu akaja kila asubuhi, akaridhika.

Hatimaye mgeni rasmi akafika. Akalisifu ua, akakata kando yake, akanguruma: "Kuanzia leo, mwanamke hatangoja tena!" Wanawake wakapiga makofi kwa nguvu, wengine wakiwa wameshapimwa mara mbili.

Mkuu, uso umemng'aa, akamgeukia fundi aliyekwisha kunawiri. "Mama, tuandalie utepe mwingine. Jengo la kujifungulia limekamilika, tunasubiri tarehe ya mgeni."

Mama Mkasi akamwinamia wifi yake. "Umesikia? Na uchungu nao utasubiri tarehe."

"Utepe huo tia vifungo viwili," wifi akanong'ona. "Wenye uchungu huwa wanakuja mbio."