Jiwe Namba Saba Kwenye Bustani ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipoteza nusu ya bustani yake kwa mkono wa mtoto wake wa kumzaa. Mtoto akapigiwa makofi, akamiminiwa divai.

Mtoto mwenyewe ni mume wangu. Msinicheke, niliolewa macho makavu.

Caleb ni msanii. Si wa kuchora vichwa vya wateja kwenye ukuta wa kinyozi, la hasha. Yeye anashughulikia "mipaka, migogoro na mandhari". Ukimwuliza maana yake, chai itapoa mkononi.

Mwaka juzi alikwenda Kasenga, akapiga picha mto Luapula siku nne. Ng'ambo ni Zambia. Akarudi kwetu Bel-Air, Lubumbashi, uso umemwiva kwa hekima.

"Keren, mayi haijue mupaka."

Siku nne kugundua tu kwamba maji hayajui mpaka! Wamama wanaouza samaki kule wangemwambia bure.

Mwaka jana akaja Madame mmoja kutoka Ulaya, mwandaaji wa maonyesho. Alitaka kazi "inayogusa ardhi". Caleb akaitandaza mezani ramani ya Naviundu, mtaa wa mama yake, akafumba macho, akavuta mstari kwa kalamu nyekundu. Eti mkono uwe huru. Nilikuwa pale, nakaanga samaki.

Kisha akamwaga mawe kumi na mawili ya saruji, chuma kichwani, namba ubavuni. Akayapanda hukohuko Naviundu, kando ya mto, akifuata ule mstari wake wa kipofu.

Sasa, mkazi yeyote wa Lubumbashi anajua jiwe la namna hiyo. Ni borne, jiwe la mpaka wa kiwanja, wa parcelle kama tunavyosema. Ukiiona asubuhi mbele ya mlango wako, ujue kuna mtu ameshapima na ana karatasi. Hapa kwetu watu huandika ukutani "Parcelle hii haiuzwi" wakiwa bado wanaishi ndani. Sisi hatuchezi na borne.

Caleb alicheza.

Siku ya tatu simu ikalia. Mama Marie-Thérèse, mama mkwe.

"Keren, kuya mbio! Ngosa anajenga mu jardin yangu!"

Bustani ile ndiyo sahani yake. Amekuwa mjane miaka kumi na moja, na hajawahi kuomba mtu chumvi, kwa sababu ya matuta yake ya lenga-lenga, mchicha wetu. Papa Ngosa, jirani, alikuwa akiyadai matuta hayo tangu mume wa Mama alipozikwa.

Tukafika. Jiwe namba saba limesimama katikati ya mboga. Ukuta wa matofali umeshafika magotini.

"Mie sina na makelele na muntu," alisema Papa Ngosa, mikono mfukoni. "Borne iko na numero."

Chef, kiongozi wa mtaa, akaitwa. Madame naye akafika na kamera yake, mbio kama mtu wa harusi. Mkononi alikuwa na karatasi ya maonyesho: msanii, baada ya mwaka mzima wa utafiti na wazee, ameufufua mpaka uliofutwa.

Utafiti! Na wazee! Nilimtazama mume wangu, akatazama viatu vyake.

"Caleb, ni weye njo ulipanda hii borne?" aliuliza chef.

"Ndiyo, chef. Lakini ni art…"

"Minakuuliza kintu moya. Ulipima ao haukupima?"

Kusema "sikupima" kungetosha. Ukuta ungebomolewa siku ileile, na Mama angechuma mboga zake jioni. Mama alimtazama bila wasiwasi wowote, maana alijua amezaa.

Caleb akamtazama Madame.

"Nilipima, chef."

Nikadakia: "Anadanganya! Alichora macho ikifungwa, mbele yangu!"

"Mama Abigaïl," chef akanijibu kwa jina la binti yangu, "mwenyewe amesha kusema. Bya mu nyumba bimaliziwe mu nyumba."

Akaandika kwamba mpaka ni jiwe namba saba. Mama hakulia. Aling'oa lenga-lenga zote zilizokuwa upande uliokwenda kwa Ngosa, hata zile changa, akaziingiza ndani kwa kanga.

Maonyesho yalifana. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mama ameinama kwenye matuta, ukuta nyuma yake. Watu walisema inaumiza sana. Caleb akaalikwa Ulaya kuzungumzia wanyonge wa mipaka.

Jumapili iliyofuata tukaenda Naviundu baada ya misa, kula bukari, ugali wetu, kama kawaida. Mama akafungua geti.

"Keren, ingia na batoto."

Caleb akanyanyua mguu. Mkono wa Mama ukamsimamisha kifuani.

"Weye, bakia kule."

"Mama, ni mie!"

"Minakuona. Kwako njo kule kwa Ngosa. Si ulipima?"

Akafunga. Tukala, na kutoka ng'ambo ya ukuta tukasikia Papa Ngosa, kwa heshima zote, akimkaribisha Caleb kiti. Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile, na kila Jumapili anakaa palepale.

Ndugu zangu, mkiwa na msanii nyumbani, mpendeni na mmlishe. Ila siku atakayosema anataka kugusa ardhi, mwulizeni kwanza ni ardhi ya nani.