Kamba za Kwemtii

Mara ya kwanza Tabitha alipofika Kwemtii alikuwa na miaka kumi na tisa, ameshika ncha ya kamba ya katani, na ncha ya pili imemfunga mikono mdogo wake Hezekia. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, wakipanda na kushuka vilima vya Usambara kwenye manyunyu ya masika. Kila waliyekutana naye alipisha njia, kisha akasimama kuwatazama mpaka wakakata kona, maana kichaa aliyefungwa kamba ni sinema isiyo na kiingilio. Baba yao alikuwa amekataa kuja. Alisema ana kabichi za kupeleka gulioni, na watu wote nyumbani walijifanya wamemwamini.

Mlangoni pa kituo walipokewa na mzee Benjamini, mganga msaidizi aliyeacha kazi ya serikali na kuomba kiwanja kwa kanisa ili awatibu watu ambao hospitali zilikuwa zimechoka nao. Hakuuliza kijana ana nini. Aliuliza nani amemfunga. Tabitha akasema ni yeye, asubuhi ile, kwa mikono yake, na akaanza kulia kwa aibu.

"Basi mfungue," mzee akasema. "Hapa aliyefunga ndiye anayefungua."

Alifungua, akijua kijana atakimbilia msituni. Hezekia alikimbia kweli, hatua nne tano hivi, halafu akakaa chini kwenye nyasi akawa anajisugua vifundo vya mikono. Mzee Benjamini aliikunja kamba vizuri, akaifunga kipande cha ubao chenye jina, akaitundika stoo kwenye msumari wake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Kwemtii, na mganga yeyote wa mjini angeicheka. Kila mgonjwa aliyeletwa amefungwa, kwa kamba ya katani, kwa maganda ya mgomba au kwa mnyororo wa mbwa, alifunguliwa na yule yule aliyemfunga, na kile kilichomfunga kikabaki stoo. Mgonjwa alipopona na kurudi kwao, ndugu zake walikuja, kamba ikatiwa motoni chini ya sufuria kubwa, kikapikwa chakula, na kijiji kizima kikala. Mnyororo, kwa kuwa hauungui, ulitupwa chooni. Kamba haikutoka stoo kwa njia nyingine yoyote.

Wodi haikuwapo. Kituo kilikuwa vyumba vitatu, jiko na stoo. Wagonjwa walilala kwenye nyumba za wanakijiji, mmoja mmoja, wakila chungu kimoja na wenyeji wao na kulima pamoja nao. Mwenyeji alipata mkono wa kumsaidia shambani, na mahindi kidogo kutoka shamba la kituo. Kila mwezi wagonjwa walikuja kupigwa sindano, ile inayokaa mwilini wiki nne na kuzinyamazisha sauti.

Tabitha hakurudi kwao. Alisomea uuguzi, akaajiriwa pale pale, na mzee Benjamini alipokuwa anakufa akamwachia ufunguo wa stoo mbele ya bodi nzima ili pasiwe na ubishi. Ubishi ulikuwapo hata hivyo. Wapo walionong'ona kwamba kituo sasa ni cha ukoo, dada anaongoza na kaka anatibiwa, na kwamba mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Tabitha aliyasikia maneno hayo yote. Yalimwingia kuliko alivyokubali, na tangu siku ile akawa mtu wa kujinyima hata pale ambapo hakuna aliyemwomba ajinyime.

Hezekia naye alikuwa amepata nafuu ya kuwashangaza watu. Miaka kumi na moja hakuzungumza peke yake wala hakukwepa chakula. Alikaa kwa mama Dorkasi, mjane aliyemwita mwanangu bila kulazimishwa, na pale kituoni ndiye aliyekuwa mtunza stoo. Alizijua kamba zote kwa majina. Mgonjwa mpya alipofunguliwa, Hezekia ndiye aliyeikunja kamba na kuitundika. Mgonjwa alipopona, ndiye aliyeitoa, akapanga kuni, na kwenda kudai sufuria kubwa kwa mpishi kabla hata ndugu hawajafika. Kila mara dada yake alipomwambia sasa tuichome na yako, alicheka akasema bado, kazi ya stoo atamwachia nani. Mwenye kovu usidhani kapoa, na labda yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wauguzi.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Mombo, kule chini barabarani, maduka yakajaa redio, mitumba na sabuni za rangi, na likafunguliwa duka la dawa lenye kioo na taa. Huku juu shamba la chai likapata mwenye mali mpya na nusu ya vibarua wakaambiwa waende makwao, hata wale ambao makwao ni Kigoma. Mmoja wao alikuwa Yusuph, aliyebaki kijijini hata hivyo, mwenyeji mwaminifu wa mgonjwa mmoja wa kituo. Sanduku la dawa lililokuwa likitoka serikalini kila mwezi likaanza kuja kila mwezi wa pili, halafu likaja nusu, halafu likaja na barua. Barua ilisema wananchi sasa watachangia matibabu yao. Ungemwambia nani achangie, kichaa au mjane anayemlisha?

Mwenyekiti wa bodi, mzee Elisante, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi Tabitha. Alikuja na faili jipya, akapokea shikamoo yake, akakaa, akaeleza kwamba wafadhili wa siku hizi hawatoi kitu mpaka waone madhumuni ya kituo yameandikwa kwenye karatasi moja. Tabitha akachukua kalamu akaandika mstari mmoja: Hapa hafungwi mtu. Mzee Elisante akaisoma karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akashauri waongeze angalau na takwimu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akaondoka na karatasi ile, akiahidi kuipeleka mbali.

Mwezi wa tatu mwaka tisini na nne ziliingia sindano kumi na mbili. Wagonjwa walikuwa kumi na tisa.

Tabitha alikaa na orodha siku nzima. Waliokuwa na hali mbaya aliwaweka juu, waliolala kwenye nyumba zenye watoto wadogo akawafuatisha. Alipofika nafasi ya kumi na mbili akabaki na majina mawili, la Hezekia na la mgonjwa wa Yusuph, na hali zao hazikupishana. Muuguzi asiye na ndugu pale angetazama faili. Angeona kwamba Hezekia, kila alipocheleweshewa sindano miaka ya mwanzo, alianguka vibaya kuliko wote. Tabitha aliyakumbuka hayo bila kufungua faili. Lakini aliwaza jinsi watu watakavyosema, akaandika jina la yule mwingine. Jioni alimweleza mdogo wake kwamba mwezi huu itabidi avumilie. Hezekia akasema hakuna neno, wapewe wagonjwa. Tabitha akafurahi. Alijiona kiongozi, na kusema kweli alijisifu moyoni, na hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe.

Mwezi uliofuata hakikuja kitu. Alishuka Mombo, akaiona dawa ile ile ndani ya kioo cha lile duka jipya, imepangwa vizuri, na kijana wa dukani akamtajia bei ambayo kituo kizima hakikuwa nayo. Alirudi mikono mitupu, gari likipanda kona moja baada ya nyingine kwenye ukungu, na njia nzima akaomba Mungu bila maneno.

Wiki ya sita Hezekia aliacha kula. Wiki ya saba alizihamisha kamba zote stoo akisema zinamsema vibaya, kisha akazirudisha akilia. Tabitha alihamia kwa mama Dorkasi akalala kwenye kiti siku nne. Siku ya tano aliitwa kituoni kumtazama mgonjwa mwingine, na katika saa moja hiyo Hezekia akamwona mama Dorkasi anaingia na kuni, akamdhania mtu aliyetumwa kumchoma, akampiga kwa mpini wa jembe. Mkono wa mama ulivunjika mara mbili.

Mama Dorkasi hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye mkeka, mkono umefungwa ubao, akamwambia Tabitha kuwa yule aliyempiga si Hezekia, na kwamba amkumbuke asije akalala njaa. Ila kijiji hakikuwa mama Dorkasi. Kabla ya saa tisa mwenyekiti wa kijiji alikuwa mlangoni na watu zaidi ya thelathini, akasema kwa heshima na bila kupandisha sauti kwamba Sista afunge mgonjwa wake kabla jua halijazama, la sivyo wagonjwa wote kumi na tisa watatolewa kwenye nyumba leo leo.

Tabitha aliwaomba siku tatu. Wakakataa. Akaomba moja, wakakataa. Alifikiri mahali pa kuwalaza watu kumi na nane masika yale, wengine wakiwa na homa, wengine wakizisikia sauti, na hapakuwapo. Akafungua stoo, akaenda kwenye msumari wa kwanza kabisa karibu na mlango. Kamba ilikuwa imekauka na ubao wa jina umeliwa na wadudu, lakini katani haiozi upesi.

Hezekia alikuwa ameletwa kituoni, chumba cha mwisho, ameegemea ukuta. Alipoiona kamba mkononi mwa dada yake hakupigana. Aliiunganisha mikono yake mwenyewe, akainyoosha mbele, kama alivyoinyoosha miaka ishirini nyuma.

"Dada," akasema, "aliyefunga ndiye anayefungua. Usiende mbali."

Alimfunga. Alitoka nje akawaambia watu kazi imekwisha, wakamshukuru na kutawanyika. Akarudi akakaa mlangoni pa kile chumba, na hakwenda mbali.

Siku ya tatu asubuhi alikuja Yusuph. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, akaomba kamba ya mgonjwa wake. Alieleza kuwa ile sindano ya kumi na mbili imekwisha nguvu, mtu ameanza kuzungumza na ukuta, na ndani sasa kuna mtoto mchanga, aliyezaliwa juzi. Nyuma yake walikuwa wenyeji wengine, wamejipanga bila kuambiwa, wanaume kwa wanawake, watu ambao kwa miaka mingi walikula na wagonjwa hao chungu kimoja. Hakuna aliyekuwa na hasira. Wengi hawakumtazama usoni.

Tabitha akawaambia wanaijua desturi. Kamba ya Kwemtii haitoki stoo ila kwenda motoni. Akawakumbusha mzee Benjamini, akawakumbusha sherehe walizokula uwanjani pale. Aliongea vizuri, maana hayo ndiyo aliyoyaamini maisha yake yote. Yusuph alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sista, sisi tunakuheshimu," akasema polepole. "Lakini wako umemfunga."

Mvua ikaanza tena. Kama angempa Hezekia sindano ile, kama angekuwa dada tu na si kiongozi mwenye kuogopa midomo, fundo lile moja lisingekuwapo, na mtu huyu asingekuwa na neno la kumwambia. Akaingia stoo. Akawa anasoma jina kwenye ubao, anatoa kamba, anampa mwenyeji, anasoma jingine. Walipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Kamba kumi na nane zilitoka asubuhi ile, na Tabitha hakukumbuka baadaye kama alilia au hakulia.

Walipokwisha kuondoka alikwenda chumba cha mwisho. Hezekia alikuwa ametulia. Ndivyo ugonjwa wake ulivyokuwa tangu zamani, humwachia siku mbili tatu kisha humrudia. Macho yake yalikuwa yake mwenyewe. Alimwamkia dada yake, akauliza kama mama Dorkasi amepata uji. Tabitha hakungoja ruhusa ya mwenyekiti wala ya kijiji. Alipiga magoti akafungua fundo alilofunga, na vifundo vya mikono ya mdogo wake vilikuwa vimechubuka pale pale palipokuwa na makovu ya kwanza.

"Hongea," Hezekia akasema, asante ya Kishambaa waliyofundishwa na mama yao.

Akaiokota kamba sakafuni. Kwa mazoea ya miaka kumi na moja akaikunja, akaisawazisha ncha, akatoka nayo kuelekea stoo kabla Tabitha hajasimama. Alipomfuata alimkuta katikati ya chumba, ameshika kamba yake, anazungusha macho ukutani kwenye misumari mitupu, mmoja baada ya mwingine. Uso ulikuwa umemfunguka kwa namna ambayo dada yake hakuwa ameiona tangu utoto wao.

"Dada, wamepona wote?"

Katika miaka yake yote ya uuguzi Tabitha hakuwahi kumdanganya mgonjwa. Mzee Benjamini alimkataza, na yeye akawakataza wengine.

"Ndiyo," akasema. "Wamepona wote."

Hezekia akaitundika kamba yake kwenye msumari wa kwanza karibu na mlango, akajipangusa mikono kwenye suruali, na akatoka kwenye mvua kwenda kumuuliza mpishi sufuria kubwa iko wapi.