Rufaa Yangu ya Upande Mmoja

Haya, chekeni mapema mmalize, kwa sababu aibu iliyonipata Amu, yaani mjini Lamu, mbele ya baraza la kesi za wapangaji, hata mke wangu kule Kitui nilimsimulia nusu tu.

Nilikuwa nimepanga nyumba ya chini kwa Bi Zuhura, hapa Shela ninakofundisha, na siku moja akaniletea barua pamoja na sahani ya mahamri, nikasoma "notisi ya kusitisha mkataba wa upangaji", nikasoma "siku thelathini", basi, damu ikanichemka, nikaona sina haja ya kusoma zaidi (mahamri niliyala yote, lakini kwa hasira). Nikajiambia huyu mama anataka kunifukuza awape wazungu nyumba. Nikaandika rufaa ya kurasa tatu, nikatoa kopi ya ile notisi, nikapiga picha boriti za dari zilivyooza ili waone nilivyoteseka, kisha nikazunguka mitaani kukusanya sahihi za majirani, hata fundi cherehani ambaye ni binamu yake mwenyewe akatia, maskini, kwa kunionea huruma.

Siku ya kesi nikavaa tai (joto lile!), nikakutana na Bi Zuhura mlangoni.

"Mwalimu, umekunywa chai?"

Nikageuza uso kama sijamsikia. Ndani nikahutubu kuhusu haki, utu na ukatili wa wenye nyumba mpaka jasho likaniingia machoni, na mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akanisikiliza hadi mwisho, ndipo akamuuliza Bi Zuhura kwa nini anamtoa mpangaji wake.

"Simtoi," akajibu kwa upole. "Dari yataka kuanguka, fundi aja kuibomoa. Nimemwambia ahamie juu. Yote nimeyaandika."

"Wapi?"

"Nyuma ya karatasi."

Kopi yangu ilikuwa ya upande wa mbele tu. Mwenyekiti akaomba barua yenyewe, nikaitoa kwenye faili, akaigeuza, akasoma kimya, akanirudishia.

"Tusomee, mwalimu. Kwa sauti, kama darasani."

Nikasoma. Kwamba nyumba ya juu ina upepo, kodi ni ile ile, mkataba mpya tutauandika, na nisiwe na wasiwasi kwa kuwa mimi ni mpangaji mwema asiye na makelele. Hapo kwenye makelele watu wakashindwa kujizuia, hata karani akaficha uso nyuma ya faili, nami nikaomba kuiondoa rufaa kwa sauti ambayo nadhani hakuna aliyeisikia.

Tukarudi Shela kwa boti moja. Nikamwomba radhi, machozi yakinilengalenga.

"Yamekwisha," akasema. "Na wale waliokutilia sahihi nimewaambia, maadamu wampenda mwalimu hivyo, waje Jumamosi wambebee makabati."

Wakaja kweli, wote, na kila aliyepanda ngazi na mzigo alinishauri nikague na upande wa nyuma. Tangu hapo hakuna karatasi inayopita mkononi mwangu bila kugeuzwa, hata risiti ya sukari, na kukusanya sahihi nimekoma kabisa, labda siku nikihama tena.