Wimbo wa Dada Wapatikana

Mama Pasi alikuwa dobi, na jina hilo alibandikwa na wateja wake, maana suti ikipita mikononi mwake hurudi kama imetoka dukani. Alifanyia kazi katika chumba kimoja cha chini cha jengo la ghorofa, chenye joto la kuchosha, simu yake ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la wanga. Simu hiyo ilimwunganisha na kundi la mtandaoni la wapenzi wa muziki wa zamani. Kila mmoja alitupia wimbo anaousikiliza, wengine wakausifu au wakauponda, na Mama Pasi, kwa ulimi wake mwepesi, hakukosa la kusema.

Siku moja mtu akauliza kundini: ni wimbo gani umeutafuta ukaukosa?

Mama Pasi akaiweka pasi pembeni. Dada yake mkubwa aliwahi kuimba katika bendi, akarekodi wimbo mmoja tu. Bendi ikavunjika, santuri ikapotelea katika kuhamahama, na dada akaupa muziki kisogo. Ukimgusia tu, anakunja uso: "Usinichokoze, mdogo wangu."

Basi Mama Pasi akajirekodi akiuimba mwenyewe. Loo! Kundi lilimcheka mpaka mbavu zikauma. Lakini fundi redio mmoja mstaafu, waliyemwita Babu Sindano kwa mapenzi yake ya santuri na sindano za gramafoni, akaandika: "Acheni kucheka. Huo ninao."

Alipoutuma, sauti ya dada ikajaa chumba kizima, changa na nyororo. Mama Pasi alisimama tu, machozi yakimtiririka. Kisha akafunga chumba cha kazi mchana kweupe, akapanda ngazi mbiombio hadi kwa dada yake, ghorofa ya tatu.

"Dada, sikiliza."

Dada alisikiliza kwa kusimama, mkono umeshika mgongo wa kiti. Wimbo ulipokwisha akasema kwa ukali, "Yule mpiga ngoma aliniharakisha. Nilimwambia!" Halafu akaketi. "Nani kautunza miaka yote hii?"

"Mtu asiyekujua hata kidogo. Na wenzake wanakuulizia. Huyu anasema mama yake alimbembeleza kwa wimbo huu. Na huyu anauliza kama mwimbaji bado yu hai."

"Eti nini?" Dada akainua kichwa. "Kama niko hai? Hebu mpe jibu huyo! Mwambie Jumapili alasiri atege masikio."

Jumapili ilipofika, dada alijifunga kilemba chake kizuri, akaketi mbele ya simu, huku kundi zima likisubiri. Sauti ilikuwa imeshuka na kuwa nzito, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Kufika ubeti wa pili, maneno yakampotea. Mama Pasi akashika kifua. Dada hata hakutetereka: akatunga mengine papo hapo, akaziimba ngazi za ghorofa ya tatu na goti lake bovu, yakakaa sawasawa katika mahadhi.

Ujumbe ukamiminika kwenye kioo hadi Mama Pasi akashindwa kuusoma.

"Wanasemaje?" dada akauliza, akihema.

"Wanataka tena, dada. Wote!"

Dada akacheka kicheko kikubwa ambacho mdogo wake alikuwa amekisahau kabisa.

"Nipe maji ninywe," akasema. "Upo mwingine, hatukuwahi kuurekodi."