Zaituni alisoma hata maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi

Salaam wakuu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na kosa lililomo ni langu.

Mimi hufundisha kusoma katika kikundi cha akina mama vijana wa Kiislamu hapa Kitale. Tunakutana Jumamosi baada ya adhuhuri, chumba cha nyuma ya msikiti. Wengi waliacha shule mapema.

Nyota wangu alikuwa Zaituni, muuza mitumba wa Kiminini. Kikundi kilitaka awe katibu, kwa sharti moja: asome ripoti yetu mbele ya wenzetu wa kikundi cha Bungoma. Aliitaka sana hiyo kazi.

Darasani mimi nilisoma kwanza, yeye akafuata bila kukwama. Nikajisifu kimoyomoyo, bana.

Siku moja binti yake mchanga akararua kona ya karatasi na kuitafuna. Zaituni akasoma tu mpaka mwisho, bila kuruka neno!

Wenzake wakaangua kicheko. "Zaituni, hata yale mtoto amemeza umeyaona?"

Yeye hakucheka. "Mwalimu, mimi hushika kwa masikio. Ukisoma mara moja, imeingia. Karatasi mpya siiwezi."

Mliopitia madrasa mnaelewa. Kuhifadhi ni heshima, na yeye alihifadhi vizuri kuliko wote. Hakuwa akinidanganya. Ni mimi nilikuwa nafundisha masikio.

Nikamuuliza, "Na msahafu, ulianzaje?"

"Si herufi kwanza? Be fataha ba, be kasira bi..."

"Basi na hii ni vivyo hivyo. B na a?"

"Ba." Akaivuta karatasi karibu. "Ati ni hivi tu? Na umetuzungusha miezi yote hii?"

Nilistahili.

Tangu siku hiyo sikuwasomea kwanza tena.

Huko Bungoma Zaituni alipewa ripoti ambayo hakuwahi kuisikia. Alikwenda polepole, kidole kwenye mstari. Katikati akakwama, na mama mmoja akaita, "Dada, harakisha, chai inapoa!"

"Chai itapashwa, mama. Niache nifike."

Akafika. Sasa ndiye katibu wetu.

Nimejifunza hivi: mwanafunzi asiyekosea kamwe, mpe ukurasa ambao hajausikia. Kisha muulize anajua nini tayari, uanzie hapo.

Mnaofundisha watu wazima, nyinyi mligunduaje? Na kama wewe ndiye ulikuwa ukishika kwa masikio, karibu useme. Hapa hakuna wa kukucheka.