Nilisema Kumi na Mbili

Miaka ile bunduki zilikuwa zimenyamaza Bunia, lakini watu hawakuwa wamefungua mizigo yao. Ukikutana na mtu sokoni, kabla hajauliza habari ya watoto aliuliza unakaa kartie gani, yaani mtaa gani, na jibu lako lilimwambia akusalimie namna gani.

Nilikuwa fundi katika redio ndogo kwenye kartie ya Mbunya, mwanamke peke yangu mbele ya mashine. Mwenzangu wa kazi alikuwa mwanaume wa makamo, wa watu waliokuwa wamepigana na watu wangu. Hatukulizungumza hilo. Tulikula mihogo katika sahani moja, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma osiloskopu.

Mashine hiyo inaonyesha umeme kama mstari kwenye kioo chenye karo, vile viboksi vya mraba. Unahesabu mstari umepanda karo ngapi, kisha unazidisha kwa eshele, ile namba ndogo pembeni inayosema kila karo ni volti ngapi. Alinikumbusha mara nyingi nitazame namba kwanza, karo baadaye. Mwishowe maneno hayo yalinichosha.

Asubuhi moja emeteri, mashine inayorusha sauti hewani, ilikuwa imezimika. Tulitengeneza kisanduku cha kuipa umeme, ambacho kilipaswa kutoa volti kumi na mbili. Yeye alishika waya, mimi nikakaa kwenye kioo. Mstari ulipanda karo mbili na karibu nusu. Wiki nzima eshele ilikuwa kwenye tano, kwa hiyo sikuitazama. Nikazidisha kichwani, nikasema kumi na mbili. Aliniuliza kama nimeangalia eshele. Nikajibu ndiyo.

Akaunga kisanduku kwenye emeteri. Moshi ulitoka mara hiyo, na harufu ya plastiki ikajaa chumba. Alipokuwa anakata umeme, niligeuka kwenye kioo. Namba ilikuwa kumi. Tulikuwa tumeingiza volti ishirini na nne.

Ningependa kusema mkono wangu ulikwenda wenyewe. Hapana. Nilisikia viatu vya mkurugenzi kolidoni, nikaamua, nikazungusha kitufe hatua moja, namba ikawa tano.

Mkurugenzi, muzee wa watu wangu, aliniuliza nilisoma nini. Nikasema kumi na mbili, na huo haukuwa uongo. Mwenzangu akaeleza kwamba aliunga baada ya mimi kusoma. Muzee alitazama kioo, akaona tano, akaridhika kwamba nilisoma sawa. Kisha akamwambia: "Weye ndiye uliunga. Na siye tunajua mulitoka wapi."

Maneno ya mwisho hayakuhusu umeme, na sote watatu tulijua.

Kabla ya Jumapili kartie nzima ilikuwa inasema amechoma redio kwa kutumwa na watu wake. Mawe yalitupwa juu ya mabati ya nyumba yake. Mke wake akafunga vyombo. Siku alipokuja kuchukua vifaa vyake nilimsindikiza hadi mlangoni. Nilitaka kuomba msamaha, nikajikuta namuuliza habari ya barabara.

Alijibu kwamba barabara iko muzuri. Halafu akasema polepole, "Niliona ile namba. Na niliona weye unaigeuza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningeambia nani?"

Alibeba mfuko wake, akaenda Mahagi-Port, kando ya ziwa, kwa shemeji yake. Nilisikia anachaji simu za wavuvi.

Miaka ilipita, muzee akaacha kazi. Siku moja baada ya misa nilikwenda kwake nikamweleza yote, hata kitufe. Alisikiliza huku akifuta miwani kwa shati. Akaniambia nisijisumbue. "Hata ungesema siku ile, angeondoka tu. Tulikuwa tunatafuta sababu."

Alidhani ananitua mzigo. Akamwita binti yake alete chai, akaanza kuongea juu ya ng'ombe wake wa Irumu, na mimi nikanywa chai ile hadi mwisho kwa sababu ya heshima.

Pengine alisema kweli. Lakini yule mtu angeondoka akiwa fundi aliyefukuzwa bure, na watu wangejua ni bure. Aliondoka akiwa mtu aliyechoma redio, na hata leo ukimtaja Mbunya ndivyo wanavyomkumbuka. Mimi wananiita fundi mukubwa. Nimepanga safari ya Mahagi-Port mara tatu, na mara zote tatu nimepata kazi ya kunizuia.