Wimbo wa Mzee wa Nyandarua

Wiki iliyopita nilikuwa napatana bei ya spika ndogo katika duka moja hapa mjini. Muuzaji, ili nisije nikasema ni mbovu, akaniwekea nyimbo bora za bendi moja ya kizamani ya wazungu, wale wa magitaa na farasi. Unawajua hata kama hujui jina lao: sauti za wanaume zinapanda pamoja, taratibu, kama watu wanaopandisha kabati ngazini. Nikasikiliza. Muuzaji akadhani nasitasita, akashusha bei. Nikaendelea kusikiliza, akashusha tena. Sikuwa nasitasita, rafiki yangu. Nilikuwa nangoja wimbo mmoja, nao haukuja. Nikamwomba simu yake, nikaipitia ile orodha mara mbili. Haumo. Aliyeipanga hakulelewa kwenye saluni ya mama yangu.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Troyeville, hapa Johannesburg, katika miaka ile kati ya 2015 na 2019, nikiwa bado shule ya msingi. Mbele kulinuka mafuta ya nywele, nyuma kulinuka sombe, yaani kisamvu, ikichemka tangu asubuhi, na mteja alirudi kwake na harufu zote mbili bila malipo ya ziada. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchambua nywele za bandia, na kuchemsha maji ya kuchovyea ncha za misuko ili zisifumuke. Na kulikuwa na sheria moja: aliyekaa kitini ndiye mwenye redio. Kusuka huchukua nusu ya siku, kwa hiyo mteja akipenda mahubiri, sote tuliokoka mpaka jioni. Akipenda rumba, hata fundi cherehani wa mlango wa pili alikuja kusimama kizingitini na kusahau suruali za watu.

Jirani yetu Mkenya yeye alikuja na flashi yake. Alifanya kazi benki huko Midrand, viatu vyake vilisikika kabla hajafika, na kwenye flashi hakukuwa na kitu kingine ila bendi ile. Nilishangaa sana. Mtu mweusi, mtu wa benki, na nyimbo za farasi? Siku moja nikamuuliza.

"Kwetu Nyandarua ni baridi, matope na ng'ombe," alinijibu. "Hawa watu wanaimba kwetu kabisa, ni vile tu wamekosea lugha."

Basi Alhamisi moja ya likizo ya shule akaja, viatu vikisikika polepole. Baba yake alikuwa amefariki. Yeye hakuweza kwenda kuzika: karatasi zake za ukaazi zilikuwa ofisini zikingoja kufanywa upya, na akivuka mpaka asingeruhusiwa kurudi. Alitaka asukwe upya apate kwenda kazini Jumatatu.

Bibi yangu, aliyekuwa kwenye kigoda chake akichambua maharage, akainua kichwa. Bibi alitoka Masisi na desturi zake zote, hakuacha hata moja mpakani.

"Mutu wa kilio hasukwi, binti yangu. Anafumuliwa. Kichwa nacho kinalia."

"Shosho, kwetu hakuna hiyo," jirani akasema.

"Kwenu ni mbali. Hapa ni kwangu."

Mama akamtazama jirani, jirani akaketi. "Haya. Fumueni."

Kufumua misuko midogo si kazi ya haraka. Mama upande mmoja, mimi upande mwingine, na simu ya jirani mapajani mwake. Hapo ndipo kaka yake alipopiga kutoka nyumbani. Mazishi ni kesho kutwa, alisema, na mwenye spika anataka leo wimbo wa kupigwa wakati jeneza linashuka. "Wewe ndiye ulikuwa unakaa na Mzee. Chagua ule aliopenda. Utakuwa kama umekuja."

Alipokata simu, jirani alibaki ameishika. "Alipenda zote," alisema. "Mimi nitajuaje? Nikituma mwingine wowote, nitakuwa nimezika baba ya mtu mwingine."

Kwa hiyo tukazisikiliza zote. Mama alijua Kifaransa, bibi alijua lugha za Masisi, Kiingereza cha nyimbo kilikuwa mikononi mwangu, kwa sababu jirani mwenyewe hakuweza kusema neno bila sauti kukatika.

"Huyu anasema nini?" mama akauliza.

"Anaendesha lori. Amepita mbele ya nyumba yake na hakusimama."

"Shetani. Endelea."

"Huyu ameuza farasi, pesa akanywea pombe."

"Mpaka msibani? Endelea."

"Huyu anamwambia mwanamke asimwandikie barua tena."

"Na mke wa marehemu amekaa pale mbele anasikia," mama akasema. "Endelea, mwanangu."

Fundi cherehani akaja kizingitini, utepe wa kupimia shingoni. Akasikiliza kidogo, akasema kwao Bukavu kilio kina ngoma, watu wanamchezea marehemu, hizi za kubembeleza farasi zitamchelewesha njiani. Mama akachagua wimbo mmoja wenye mdundo. Jirani akatikisa kichwa. Ulifuata mwingine, wa mfungwa aliyetoroka gerezani akajificha katika zizi la mama yake. Huo mama hakuungoja hata ufike katikati.

"Mzee azikwe na mwizi? Ondoa."

Nyimbo zikaisha, flashi ikaanza upya yenyewe. Alasiri ilikuwa imefika, nywele za bandia zimejaa sakafuni, na kaka alikuwa amepiga tena. Jirani alisema basi, atatuma wa kwanza tu, Mungu atamsamehe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu na kiti nikiokota nywele, ndiyo maana niliona. Wimbo wa mfungwa ulikuwa umerudi, na mikono ya jirani mapajani ilikuwa ikikunjuka na kukunjika, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mwendo wa gitaa.

"Anti, unafanya nini na mikono?"

Akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Nakamua," akasema.

Halafu ikatoka yote. Alfajiri, baridi, redio ya kaseti imetundikwa kwenye nguzo ya zizi. Baba kwa ng'ombe mmoja, yeye kwa ng'ombe mwingine, hawasemezani. Nyimbo nyingine baba aliziacha zipite. Huu ukija, alipiga mluzi, na maziwa ya ndoo mbili yalilia pamoja.

"Basi ni huo," bibi akasema.

"Lakini ni wa mwizi," mama akasema.

"Ng'ombe wanasikia Kizungu?"

Jirani akautuma nusu ya kichwa chake ikiwa imefumuliwa.

Siku ya mazishi alikuja tena kwetu na kuweka simu juu ya kabati la vioo, sauti juu. Tulisikia upepo, watu wakikohoa, koleo. Kisha gitaa. Kisha, katikati ya wazungu wale, mluzi wa mtu, na mwingine, na mwingine. Kaka yake alisema baadaye ni wazee wa chama cha maziwa. Walikuwa wakiusikia kila alfajiri kutoka upande wa pili wa ua. Wimbo ulipokwisha, pasta alisema Amina na kuuliza ni wa kitabu gani cha tenzi. Jirani alicheka hadi akalia, au kinyume chake, sikuweza kutofautisha.

Saluni ile haipo sasa. Chumba kinauza vifuniko vya simu. Jirani alipata karatasi zake, akarudi Nyandarua. Siku hizi nikienda kusukwa, kila mteja amejiziba masikio na muziki wake, msusi anasuka kimya, na unaweza kukaa bega kwa bega na mtu mchana kutwa usijue baba yake alipenda nini.

Bibi naye tulimzika hapa hapa Johannesburg. Pasta alituuliza alipenda wimbo gani. Kila mmoja wetu akataja ule anaoupenda yeye.